Upande wa Kaskazini wa Nyumba ya Philomène

Sainte-Odile, Saskatchewan
Jumatatu, 3 Januari 1994

Shemeji yangu mheshimiwa Philomène,

Uniwie radhi kwa kukuandikia badala ya kupiga simu. Najua sikio lako la kushoto halipatani na simu, na mimi kwa barua huwa nakosea kidogo kuliko kwa mdomo.

Binti yako Yvette ameniarifu kwamba umetoka hospitali, uko kwake Saskatoon, na kwamba hukumbuki lolote la Jumanne ile. Ameniomba nikueleze. Nilifika kwako saa tatu asubuhi na mkate wa sufuria niliokuwa nimeuoka. Nilibisha, hukujibu. Nilikukuta sakafuni jikoni, umetapika, uso umekuiva kama mtu aliyetoka juani, na ulikuwa ukizungumza na marehemu mke wangu Albertine, ukimwambia alete vikombe. Mimi mwenyewe kichwa kilianza kunizunguka kabla sijamaliza kukufunga blanketi. Nilikuburuta hadi kwenye gari. Unisamehe kwa mikwaruzo ya visigino. Nguvu za miaka sabini na tisa ni hizo tu.

Wazima moto walisema nyumba imejaa ile gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, itokayo kwenye moto unaokosa hewa safi. Kwa hiyo gesi ya kuwashia imefungwa kwa nje, tanuru la kupasha nyumba joto limezimwa, na maji nimeyatoa kwenye mabomba yasije yakaganda na kuyapasua. Maua yako yako dirishani kwangu.

Mkaguzi wa gesi alikuja Alhamisi. Alilipima tanuru kwa muda mrefu, akaizunguka nyumba kwa nje, akaniuliza maswali machache, nami nikamjibu. Nasikia Bi. Leona Kozak, fundi aliyelifunga, amenyang'anywa leseni hadi kesi yake itakaposikilizwa tarehe 25.

Nasikitika sana kwamba sikuweza kuja kwa Yvette siku ya Mwaka Mpya. Nilikuwa na mafua.

Mimi shemeji yako mwenye kukutakia afya,
Onésime Ladouceur

*

Saskatoon
Alhamisi, 6 Januari

Shemeji,

Mafua? Wewe? Mtu uliyekwenda misa kwa miguu siku ambayo padri mwenyewe alikwama kwenye theluji! Tafuta uongo mwingine, huo umekubana mabegani.

Wajukuu walikungoja hadi supu ya vidonge vya nyama ikapoa. Unajua mkubwa wa ukoo ndiye anayeinua mkono na kubariki mwaka, na mkubwa ni wewe, hata kama hupendi. Étienne mdogo akachoka kungoja, akapiga magoti mbele ya kiti chako kitupu. Tulicheka mpaka nikalia. Mimi siku hizi nalia ovyo. Daktari anasema ni ile sumu, itanitoka polepole. Jana nilisahau jina la jiko. Nililitazama tu, nikasema, "Yvette, washa... washa hicho kinachowashwa."

Sasa nisikilize. Yule binti Kozak nitamkomesha. Nilisema tangu mwanzo: msichana wa miaka ishirini na sita, spana mfukoni, nywele kama mvulana, anajua nini habari za moto? Mkaanza, "Ooh, Philomène, dunia imebadilika, ndiye aliyefunga nusu ya kijiji." Haya, dunia imebadilika, na mimi nimebadilika nikawa kizee kisichojua jina la jiko.

Yvette ameandika barua ya mashtaka, kurasa tatu, kali kama siki. Inangoja sahihi yangu na yako. Siku alipolifunga tanuru mimi nilikuwa huku mjini na wewe ulisimama badala yangu. Eti yeye anadai alitoa maonyo. Alikwambia nini? Kama hakukwambia kitu, andika hivyo kwa huo mwandiko wako wa masista, tia sahihi, na leseni yake ataisikia kwenye bomba.

Na marobota ya majani makavu uliyoizungushia nyumba kuzuia baridi, usiyatoe hata moja. Nikirudi sitaki kukanyaga barafu jikoni kwangu.

Shemeji yako ambaye bado hajafa,
Philomène

*

Sainte-Odile
Jumatatu, 10 Januari

Shemeji yangu mheshimiwa,

Nimeipokea barua yako kwa furaha iliyochanganyika na mengine. Naomba unisamehe kwamba sitaitia sahihi barua ya Yvette kwa posta ya leo, na nakuomba kwa unyenyekevu nawe usiitie kwanza.

Si kwamba nina jambo la kusema dhidi ya barua hiyo. Nafikiri tu kwamba mambo ya mitambo yana pande nyingi. Utakumbuka kwamba tangu katikati ya Novemba tanuru lako lilikuwa likizima lenyewe. Ukiniita, nilishuka chumba cha chini, nikatazama kwenye kile kioo kidogo, nikaona kitaa chekundu kikipepesa mara tatu, kikitulia, kikipepesa tena mara tatu. Nilibadilisha chujio la hewa, ingawa halikuwa chafu. Nilizima swichi, nikangoja, nikaiwasha, na moto ukashika. Kesho yake ukazima tena. Nilifanya hivyo mara tisa au kumi. Labda ningemwita fundi. Sikumwita, na kwa hilo nakuomba radhi.

Juzi nilimkuta Bi. Kozak posta. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee, shikamoo. Mama Philomène anaendeleaje?"

"Marahaba. Anaendelea vizuri, Bi. Kozak, asante."

"Mungu ashukuriwe. Mimi silali, Mzee. Nikifumba macho naona lile tanuru, nalifungua na kulifunga upya, skrubu moja moja."

Gaspard Fayant alikuwa nyuma yetu kwenye foleni. Akapaza sauti ili watu wote wasikie, "Haya, fundi! Leo umetuletea sumu ya ladha gani?" Watu wakacheka. Bi. Kozak naye akajaribu kucheka, kisha akatoka bila stempu alizozifuata.

Mimi nilikuwa nikisoma bei za vifurushi ukutani.

Tusubiri kidogo, Shemeji. Nakuomba.

Onésime Ladouceur

*

Rosthal
Alhamisi, 13 Januari

Mzee Ladouceur, shikamoo,

Nisamehe kwa kukusumbua. Sikuandikii kukushika mkono uniokoe, na kama hutaki kujibu nitaelewa.

Mkaguzi anasema mabomba mawili ya plastiki ukutani, upande wa kaskazini, yalikuwa wazi alipofika. Anasema alikuuliza, nawe ukamwambia upande huo huwa mnauacha wazi siku zote. Basi hewa ilikuwa ikiingia na moshi ukitoka, na kosa haliwezi kuwa nje. Litakuwa ndani, yaani langu: nimekosea kupima gesi au nimekosea kuunga bomba.

Mimi nakumbuka hivi. Tarehe 14 Septemba tulisimama wewe na mimi nje kwenye ukuta ule. Nilikwambia: bomba hili linavuta hewa ya kuupa moto, hili linatoa moshi. Nikanyoosha mkono mzima nikasema, kila upande umbali huu, pasiwe na majani wala theluji, kwa sababu najua huku watu wazima huzungushia nyumba marobota. Nikasema kitaa kikipepesa mara tatu maana yake hewa haipiti, usiwashe na kuwasha tena, niite. Nikasema kichwa kikiuma ndani na kupona nje, mtoke wote kwanza, mambo mengine baadaye. Ukasema, "Ndiyo, Bi. Kozak, asante." Ukatia sahihi karatasi ya maelezo, nikaitundika msumarini karibu na tanuru.

Karatasi haipo. Mkaguzi hakuiona.

Kwa hiyo nimeanza kujishuku. Mwaka jana nilifunga matanuru kumi na moja Sainte-Odile, na maneno hayo nimeyasema mara nyingi. Labda kwako nilisahau. Labda nakumbuka nyumba nyingine. Kama sikukwambia, Mzee, niambie tu. Sitasubiri tarehe 25, nitawaandikia mwenyewe wasinirudishie leseni, maana fundi asiyejua alichosema hafai kugusa moto wa mtu.

Lakini kama kosa ni langu, liko katika nyumba zote kumi na moja, na watu wamelala ndani. Hilo ndilo linalonitoa usingizini.

Leona Kozak

*

Sainte-Odile
Jumapili, 16 Januari

Philomène,

Barua ya Leona Kozak niliipata jana saa tano asubuhi. Nakuwekea nakala yake ndani ya hii. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Umeisoma. Kila neno lake ni kweli.

Alisimama pale ukutani na kuninyooshea mkono, nami nikasema ndiyo. Sikuwa nikimsikiliza. Sisi tuliosomeshwa misheni tulifundishwa kwamba mtu mwenye karatasi akisema, unanyamaza, ukishamaliza kunyamaza unasema ndiyo, na pakiwa na mstari unaandika jina lako. Masista hawakutuuliza kama tumeelewa. Walituuliza kama tumetii. Nimeitikia hivyo maisha yangu yote, kwa mapadri, kwa benki, kwa madaktari wa Albertine, na watu wakaniita mstaarabu. Naye huyu, nisikufiche, alikuwa mwanamke kijana, na moyoni nilikuwa nikimwonea huruma kwa mikono yake iliyochubuka. Niliitikia sauti yake kama mtu anavyoitikia redio.

Novemba ikaja, nikakuletea marobota arobaini kama kila mwaka tangu 1951, nikaizungushia nyumba yako pande zote nne. Upande wa kaskazini niliyapanga safu mbili, kwa sababu jikoni kwako kuna baridi. Niliyaona yale mabomba. Nilisema moyoni, haya nayo yapate joto.

Majani hayazibi kabisa, Philomène. Yangeziba kabisa, tanuru lingekataa kuwaka na wewe ungepata baridi tu. Yanapitisha kidogo. Moshi ulibaki kati ya majani na ukuta, bomba la pili likauvuta tena ndani ya moto, moto ukakosa hewa safi ukaanza kutengeneza sumu, na sumu ikapenya kwa dirisha la chumba cha chini lililofunikwa na marobota hayo hayo. Kile kitaa kilikuwa kikisema hivyo kila siku. Nami nilikinyamazisha kila siku kwa swichi.

Nililitambua hilo Jumatano nikiwa hospitalini, nikingoja habari yako. Niliposikia utapona, sikubaki kusali. Niliendesha gari nikarudi, nikayaondoa marobota ya kaskazini, nikayapeleka kwa ng'ombe wa Gaspard. Theluji ikanyesha ikafunika alama. Karatasi niliitoa msumarini. Iko ndani ya kitabu cha sala cha Albertine. Mkaguzi akaniuliza, "Mzee, pande tatu mmezungushia, huu wa nne vipi?" Nikamwambia upande huo tunauacha siku zote. Nilimwambia nikiwa nimevua kofia.

Ndiyo sababu sikuja Mwaka Mpya. Étienne angepiga magoti, nami ningeinua mkono huo.

Jana nilipoimaliza barua ya Leona nilimpigia simu. Nilimwambia yote kwa pamoja, vibaya, bila mpangilio. Halafu akauliza, "Mzee, nyumba ngapi nyingine zimezungushiwa?"

Hakuniuliza kwa nini.

Nikasema, "Karibu zote."

"Nenda mlango kwa mlango sasa hivi. Wazime tanuru, wavute majani, wafungue madirisha. Anayeumwa kichwa atoke nje na aitiwe gari la wagonjwa, asibishane. Nakuja."

"Lakini leseni yako, Bi. Kozak..."

"Sitagusa chombo cha mtu. Hakuna sheria inayonikataza kuvuta majani."

Nilianza kwa Gaspard. Alinisikiliza mlangoni akiwa na soksi, akasema, "Kumbe mpishi wa sumu ni wewe! Na mimi nimemtukana mtoto wa watu mbele ya posta nzima." Akavaa viatu akaenda kuvuta marobota yake, hakunifungia mlango wala kunikaribisha. Nyumba ya pili walinipa kiti, wakidhani nimekuja kuwatembelea kwa mwaka mpya niliouchelewesha. Ya tatu walidhani nimeanza kuzeeka akili, ikabidi nirudie mara mbili. Nyumba saba zilikuwa salama. Waliacha nafasi, kwa sababu walimsikiliza.

Ya tisa ni ya Rose-Aimée Parenteau. Alifungua akiwa amembeba mwanawe wa mwisho. Nilipomwambia, alisema, "Kichwa? Wote watatu wanalalamika kichwa tangu Krismasi. Nimekuwa nikiwapa dawa ya mafua." Wakubwa wakiwa shuleni wanachangamka, akasema, akadhani wanamdanganya.

Tuliwatoa na makoti juu ya nguo za ndani, tukawaweka kwenye gari langu. Leona alifika wakati huo. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akavuta majani kwa mikono mitupu hadi mabomba yakaonekana. Theluji iliyoyazunguka ilikuwa imeyeyuka na kuganda upya, manjano, kama mfereji wa choo.

Watoto wamelazwa usiku mmoja kwa uangalizi na wataruhusiwa leo. Hawakufika ulikofika wewe. Kabla ya kuingia kwenye gari la wagonjwa Rose-Aimée aliniuliza, "Umejua tangu lini?"

Nikamwambia, "Tangu tarehe ishirini na tisa Desemba."

Alihesabu. Nilimwona akihesabu, midomo ikimchezacheza. Siku kumi na nane. Kisha akasema, "Nenda nyumbani, Mzee."

Kesho asubuhi nampelekea mkaguzi ile karatasi na maelezo yangu. Uniwie radhi, Philomène. Uniwie radhi kwa mapafu yako, kwa neno lolote ambalo kichwa chako kinalitafuta na hakilioni, kwa barua mbili nilizokuandikia kwa mwandiko mzuri. Uniwie radhi.

Onésime

*

Saskatoon
Ijumaa, 21 Januari

Onésime,

Barua yako ilikaa juu ya meza siku mbili baada ya kuisoma. Yvette alitaka kukupigia simu akutukane. Nikamwambia, mwache, matusi yangu nitayaandika mwenyewe, nikikumbuka maneno.

Marobota nimekusamehe, hilo limalize. Magoti yangu yangekubali ningeyapanga mimi, safu tatu. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yako.

Sijakusamehe zile barua mbili. Uliniacha niketi hapa nimtukane binti wa watu mbele ya wajukuu, na wewe unanijibu "mambo ya mitambo yana pande nyingi". Pande nyingi! Ulikuwa na upande mmoja tu, wa kaskazini, na uliutupa kwa ng'ombe.

Nimempigia simu Leona. Ndiyo, simu, kwa sikio la kulia. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekusema vibaya katika nyumba sita." Akasema, "Sita tu, Mama? Basi hukupona vizuri." Nikacheka, halafu nikamsikia analia, nami nikalia, na Yvette akaja kuuliza nani amekufa. Barua ya mashtaka imechanwa. Nikirudi atanifungia king'ora cha gesi ya sumu karibu na kitanda. Nimemwambia hata viwili.

Sasa wewe. Tarehe 25 utasimama mbele ya wale watu wa leseni. Nakujua. Utavua kofia, utainama, utasema niwieni radhi waheshimiwa, niwieni radhi Bi. Kozak, mpaka wakuonee huruma wakupe kiti na maji. Nimehesabu, Onésime: katika barua zako tatu umeomba radhi mara saba, na kila ulipoomba kulikuwa na kitu nyuma ya mlango. Dada yangu aliishi na wewe miaka arobaini na nne, akaniambia mara moja, "Onésime akiomba radhi, mazungumzo yamekwisha." Sikumwelewa. Sasa nimemwelewa.

Safari hii usiombe. Sema ulichofanya, ukae kimya, wakutazame.

Usije kwangu bado. Nikitaka uje nitaandika.

Philomène

*

Sainte-Odile
Jumanne, 25 Januari

Philomène,

Walikuwa watu wanne mezani. Leona alikaa upande wa kushoto, amevaa gauni. Rose-Aimée alikaa nyuma.

Nilisema: fundi huyu alinionya, nikaitikia bila kusikiliza. Nikaziba mabomba. Shemeji yangu karibu afe. Nikaondoa majani, nikaficha karatasi, nikamdanganya mkaguzi. Nilinyamaza siku kumi na nane, na katika siku hizo watoto watatu walikuwa wakivuta sumu.

Mwenyekiti aliuliza kama nina la kuongeza. Nilisema sina. Walinitazama. Sikuvaa kofia, kwa hiyo sikuwa na cha kushika.

Leseni imerudishwa hapo hapo. Kuhusu mimi wataandika; nitajibu.

Nilipopita mlangoni Rose-Aimée aligeuza uso.

Leona alinikuta nje. Kesho anaanza kukagua matanuru yote ya Sainte-Odile, na tunakwenda wote, mimi nikibeba ngazi na koleo la theluji. Aliuliza aanze na lipi. Nilimwambia aanze kwa wenye watoto. Langu nimelizima, jiko la kuni linanitosha, nalo alikague mwisho.

Onésime